Kibali cha Kusema Sori

Ilitangazwa kwa wananchi wote, redioni, magazetini na kwa karatasi zilizobandikwa hata chooni, kwamba kuanzia Jumatatu neno "sori" litakuwa chini ya usimamizi wa serikali.

Dada Mapokezi alilisoma tangazo mara mbili, kisha akalibandika ukutani kama alivyoagizwa, juu ya lile sanduku la maoni ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa mapokezi ya Idara, nyuma ya kioo chenye tundu la kuongelea, akiwaeleza watu kwamba wanayemtafuta hayupo. Hakuwa na muhuri, hakuwa na mamlaka, hata kalamu aliyoitumia ilifungwa kwa kamba isije ikaibiwa. Chombo chake pekee cha kazi kilikuwa sori.

Si kwamba Idara ilikurupuka, la hasha. Kamati ya wataalamu kumi na wanne ilijifungia hotelini siku tisa ikilichunguza neno hilo, na iliporudi, imenenepa, ilitoa ripoti ya kurasa mia mbili na kumi. Ilibainika kwamba sori ni neno dogo la Kiingereza lililoingia nchini bila kukaguliwa, na sasa linafanya kazi thelathini na moja peke yake. Mtu akikukanyaga, sori. Asipokusikia, sori. Akitaka kukukatiza maneno, sori kidogo. Msibani ni sori, na kwa mpenzi aliyeona meseji ambazo hakupaswa kuziona ni sori vilevile, tena kwa magoti. Mabaunsa hulitumia kwa maana ya toka hapa. Lakini kilichoitia Kamati hofu kilikuwa ukurasa wa mia na nane: kwamba katika matumizi machache, msema sori huonekana kana kwamba amekosea.

"Na mtumishi wa umma hakosei," Mkurugenzi aliwaambia waandishi wa habari. "Huchelewa tu kuwa sahihi."

Utaratibu ukawekwa, mwepesi kabisa. Kabla ya kutamka, mtumishi ajaze Fomu Namba Saba, nakala tatu, akieleza ni sori ya aina gani, anamwambia nani, na ataitamka mara ngapi. Kibali atatoa mkubwa wake. Ila sori ya kumwambia Waziri itaidhinishwa na Waziri mwenyewe. Tamko lisilo na kibali ni onyo. Maonyo matatu, kazi basi.

Dada Mapokezi alipata onyo la kwanza saa mbili na dakika tano asubuhi ya Jumatatu, alipogongana na mfagizi mlangoni. La pili alilipata alipokuwa akieleza jinsi alivyopata la kwanza.

Akaogopa kweli. Alikuwa na binti chuoni akisomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja, na mshahara wa dirishani ndio uliokuwa ukimsomesha. Kwa hiyo siku tatu nzima alikaa kauma ulimi. Watu walikuja kuulizia vyeti vyao, akawa anawatazama tu. Wakadhani amepandishwa cheo.

Alhamisi akaja bibi mmoja kufuatilia hati ya kiwanja. Alifika kabla mlinzi hajafungua geti, akapewa namba moja. Ilipogonga saa tisa alasiri, ofisa wa hati alikuwa bado hajarudi kutoka semina ya kuwahudumia wananchi kwa haraka. Bibi akajikokota hadi kwenye tundu, viatu mkononi, miguu imevimba.

"Niambie, mwanangu. Nikae au niende?"

Dada Mapokezi akaitazama ile miguu, na ulimi ukamponyoka.

"Sori, bibi."

"Ahsante," bibi akasema. "Mwaka wa tatu huu nakanyaga hapa. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Mkurugenzi, aliyekuwa akisubiri lifti, aligeuka taratibu.

Kesho yake asubuhi kikao cha nidhamu kiliketi. Kwa kuwa ilikuwa kesi ya kwanza, Waziri mwenyewe alihudhuria. Mkurugenzi aliongoza kikao, naye Katibu wa Kamati akaandika kumbukumbu. Katibu huyu aliandika kila kitu. Mwaka jana aliandika "Mwenyekiti alipiga chafya" na kikao kilichofuata kikaithibitisha. Mkurugenzi, ambaye alisikia kuna kiti cha Katibu Mkuu wa wizara kiko wazi, alishika birika kwa mikono yake mwenyewe ili amtilie Waziri chai, aonekane mnyenyekevu.

"Ulisema sori, hukusema?" akauliza, birika mkononi.

"Nilisema," Dada Mapokezi akajibu.

"Aina gani?"

"Ya moyoni, mkubwa."

"Hiyo haimo kwenye orodha!" Mkurugenzi akainua mikono juu kumwonyesha Waziri ukubwa wa kosa, na birika likaenda na mikono.

Waziri aliruka kama kijana. Mkurugenzi akafungua mdomo, akaufunga. "Fomu!" akapiga kelele. "Leteni Fomu Namba Saba!"

"Nakala tatu," Katibu akamkumbusha. "Na asaini mheshimiwa Waziri."

Waziri alikuwa akijipepea mapajani kwa ile ripoti. "Mtu ananibabua kwa chai, halafu ananiletea karatasi nisaini? Hana hata neno moja la kuniambia?"

Hapo Mkurugenzi akasalimu amri. "Sori, mheshimiwa! Sori sana! Sori, sori, jamani sori..." Akawa hanyamazi, na kalamu ya Katibu ikawa inamfukuzia.

Alipoishiwa pumzi, Katibu alikohoa. "Kwa kumbukumbu: matamko kumi na moja. Kibali, hakuna. Aina, haikutajwa."

"Na utaratibu unasemaje?" Waziri akauliza, akikamua pindo la koti.

"Matatu, kazi basi. Mheshimiwa Mkurugenzi ana manane ya akiba."

Waziri hakuhitaji fomu kumfukuza. Kikao kikavunjika kwa kukosa mwenyekiti, na faili la Dada Mapokezi likapelekwa masjala, ambako faili likiingia halitoki mpaka mwenyewe astaafu. Aliteremka ngazi akicheka peke yake. Binti atamaliza chuo.

Kabla ya saa sita, Mkurugenzi alisimama mbele ya tundu la kioo, kabeba boksi lenye picha zake.

"Dada, rufaa nampelekea nani?"

"Ofisa wa rufaa, mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Semina." Akampenyezea namba: sabini na nne. "Pole, mkubwa."

Neno hilo Kamati haikulipiga marufuku. Kurasa mia mbili na kumi, na hakuna aliyekumbuka kwamba lipo; hata yeye lilimjia asubuhi ile.

Mkurugenzi akaenda benchini na boksi lake. Bibi wa hati ya kiwanja alikuwa amerudi, ameketi mwishoni, miguu ameinyoosha, na masikio yake yalikuwa yamenasa yote ya dirishani. Katika kujipenyeza, Mkurugenzi akamkanyaga kidole. Akafungua mdomo, akatazama tangazo ukutani, akaufunga.

"Sema tu, baba," bibi akamwambia. "Huna kazi tena."