Gilet ya Mama Masika na Kidevu Changu

Leo nimeumbuka. Na si kwa siri: hewani, Beni yote ikisikia!

Mnanijua, mimi fundi wa kushona wa Bulengera, Butembo. Kazi yangu kubwa ni nguo za kwaya. Wiki iliyopita mwandishi wa habari wa Beni, Mama Masika, aliniletea gilet, ile fulana ya kuzuia risasi. Redio yao imepewa nane, zote kipimo cha mwanaume mrefu kama mlango. Yeye ni mfupi. Kila siku anapanda moto, pikipiki ya redio, kufuata habari za vita, na ile gilet inamchapa mapaja.

"Papa fundi, uipunguze. Ukiweza, zile saba zingine ni zako."

Saba! Tukabishana bei mpaka chai ikapoa. (Nilishinda. Nadhani.) Nikampima kama kawaida yangu: mabega mara mbili, mbavu mara mbili. Nikafupisha mikanda, nikabana pembeni. Vile vyuma viwili, cha kifua na cha mgongo, sikugusa. Mkasi haukati chuma.

Asubuhi hii nikateremka Beni. Nafika redioni, kumbe wako hewani! Wanaongea juu ya kazi yao ya barabarani, kipaza sauti kimetolewa uani kwa waya mrefu, na moto imesimamishwa kando ya mtaro. Mama Masika akavaa. Ilimkaa kama nguo ya Pasaka! Nikatoa kifua mbele, ungedhani nimemzaa mimi.

"Wasikilizaji, fundi wetu wa Butembo iko hapa. Sasa napanda moto..."

Akakaa. Chuma cha kifua kikapanda. Tak! Kidevuni. Akauma ulimi, hewani.

Hapo ningenyamaza. Mimi tena?

"Mama, unakaa mubaya," nikasema.

Uani wakaguna: "Eeeh!"

"Mubaya? Basi vaa wewe, Papa fundi. Ukae muzuri, tuone."

Nikavaa. Nilivuta tumbo mara mbili ndipo mikanda ikafunga. (Tumbo langu halikuwa kwenye mkataba.) Nikapanda moto kwa maringo. Nikakaa.

Ndugu zangu! Chini chuma kimezama tumboni, juu kimeinua kidevu. Naona mawingu tu. Kugeuza shingo, hapana. Kuinama, hapana. Pumzi, nusu.

"Papa, iko sawa?" Mama Masika ananisogezea kipaza sauti.

"Sawa kabisa!" (Sauti ya mbuzi anayekabwa.)

"Donc, basi, shuka."

Nikatafuta ardhi kwa mguu. Upande niliotafuta palikuwa na mtaro. Nikaenda chali, bum, mikono juu, miguu juu, kama kobe! Najaribu kufungua mikanda, mikono haifiki. Nani aliifupisha? Mimi.

"Wasikilizaji," Mama Masika akasema bila hata kucheka, "fundi ameanguka mu mtaro. Gilet haina shida."

Nikiwa pale chini, nikitazama mbingu, ndipo nikaelewa. Wanakwaya huimba wamesimama! Miaka yote sijawahi kupima mtu akiwa amekaa.

"Mama," nikanong'ona, "usiambie bibi yangu, mama watoto."

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni pangu.

Simu ikalia mfukoni. Bibi yangu, kutoka Bulengera.

"Papa, umeumia?"

"Hapana."

"Basi ngoja nicheke."

Vijana wawili wakanitoa. Kipindi kilipoisha, Mama Masika hakuwa na utani tena.

"Papa fundi, kesho niko barabarani. Bakianza kupiga risasi, nitalala chini namna gani na hii? Niambie kama hauwezi."

Nikamwomba afungue kabati ya zile saba. Nikatoa vyuma vyote, na vya kwake, nikavihesabu mara mbili: kumi na sita. Viwili vilikuwa vifupi! Nikaazima cherehani ya jirani, nikashona upya mifuko ya vyuma, na safari hii nikampima juu ya moto. Akakaa. Akainama akafunga kamba za kiatu. Akageuza shingo huku na huku. Mwishoni akalala kifudifudi pale uani, akainuka peke yake.

"Njo hii, ndiyo yenyewe," akasema, akipangusa vumbi. "Beba zile saba. Mais, lakini, utapima kila mutu juu ya moto."

Kazi nimepata! Heshima imebaki mtaroni. Na wamesema kipindi kitarudiwa saa kumi na mbili jioni. Ndugu zangu, nawasihi: leo zimeni redio zenu, mtunze betri.