Mzimu wa Chumba cha Ubaridi

Jumatatu, 3 Juni

Fedheha! Kikosi chetu cha kusaka mizimu kimepiga kura nyuma ya darasa la sayansi. Tuko wanne. Mimi, mwanzilishi, nimeambulia kura moja. Yangu. Mkuu mpya ni Tochi, binti wa fundi saa, anayebeba tochi kubwa kuliko kichwa chake. Pacha, wale ndugu wawili, walimchagua bila kupepesa macho. Eti tangu tuanze nimewaonyesha paka, bomba bovu na bibi yao akisali. Nikampongeza Tochi. Nikasema cheo ni dhamana. Ndani nachemka kama maharage.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Mizimu isipokuja, italetwa. Mjomba analinda kiwanda cha barafu kilichofungwa siku nyingi. Kuna chumba cha ubaridi mle, hakina dirisha, mlango wake wa chuma mnene kama godoro. Nitajificha ndani nigune. Wao watatimua mbio. Mimi nitatoka, niwafuate, niwaambie nimeufukuza mzimu peke yangu. Ukuu utarudi wenyewe. Mjomba akishakula mchana hulala fofofo, hata ukimhamisha na kiti chake hajui. Nimemwambia Tochi kwamba kuna sauti kiwandani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi ya kuguna, bafuni. Mama akagonga, akauliza tumbo limeanza lini. Ningesema nini? Nimekunywa dawa chungu vijiko viwili, bila kuugua. Gharama ya uongozi.

Ijumaa, 7 Juni

Jana sikuweza kuandika. Mikono.

Nilitangulia kuingia. Nikauvuta mlango taratibu, nibakize upenyo wa kidole. Ukanizidi nguvu. Kacha! Nikapapasa kitasa. Hakuna. Kitasa kiko nje tu! Giza totoro, harufu ya kutu. Nikajiambia, tulia, wewe si mtoto. Nilitulia kidogo sana.

Nyayo zikaja. Nikapiga mayowe wanifungulie. Chuma kikameza maneno, kikawapa wao mvumo tu. Nikamsikia Pacha mmoja akishangilia, “Upo! Rekodi, rekodi!” Mwenzake akauliza, kwa adabu kabisa, nilikufa lini. Nikanguruma kwamba sijafa! Akasema huu umekasirika. Mbio. Kimya.

Kimya kile! Nikagonga hadi ngumi zikachubuka. Kichwa kikawa kizito. Navuta pumzi, hainitoshi. Nikawaza mjomba anavyokoroma hatua chache tu kutoka hapo, na mama anavyoniwekea chakula. Nikakaa sakafuni, nikamwita mama. Haukuwa mpango. Nilimwita tu, tena na tena, mdomo kwenye ufa wa chini ya mlango.

Nyayo tena. Za mtu mmoja, za kusitasita. Kisha sauti ya Tochi, imekauka: “Sijui wewe ni nani. Naogopa sana. Lakini kama unamtafuta mama yako, nakufungulia. Tafadhali, usinidhuru.”

Kitasa kikalia. Mwanga ukanipiga usoni. Tochi amesimama, machozi yanamtiririka. Aliamini kabisa kuwa anamfungulia maiti. Na bado alifungua. Aliponitambua hakunipiga. Alikaa chini, akalia kwa sauti. Nikalia naye. Mjomba akaamka, akatufokea sote wawili, kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi, 8 Juni

Mikono imefungwa bandeji. Mama haniangalii, lakini kila saa anaingia kuhakikisha napumua. Tochi amekuja. Hajawaambia Pacha kitu. Akasema usiku kucha anaisikia sauti yangu ikimwita mama. Nikamshukuru. Ameniomba jambo moja tu: nisimtishe mtu tena. Nikasema sitarudia. Nilimaanisha. Nikasema hata ukuu siutaki, ni wake kwa haki.

Jumapili, 9 Juni

Pacha wamesimulia mtaa mzima! Muuza magazeti amenieleza mimi, mimi mwenyewe, jinsi mzimu ule ulivyolia. Eti hajawahi kusikia uchungu kama huo. Kinyozi amefunga mapema. Jamani, kumbe nina kipaji! Nimefikiri kwa utulivu, kwa akili ya mtu aliyepitia mengi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mlango. Nyuma ya shule kuna tangi la maji la zamani, tupu. Nimelichungulia leo. Sauti ndani yake inavuma vizuri ajabu. Mfuniko mmoja tu, na komeo lake liko nje, imara.

Kimebaki kitu kimoja: kumtafutia Tochi safari ya mbali siku hiyo. Asije akaniharibia tena kwa kufungua.