Uzinduzi wa Gari Lisilonguruma

Hotuba ya Mheshimiwa Zablon Arasa, Mwenyekiti wa Bodi ya Pamoja ya Uchukuzi Endelevu wa Ukanda wa Miwa, aliyoitoa Jumanne, siku ya kliniki, katika uwanja wa Zahanati ya Kanyadigo, mpakani mwa Migori na Homa Bay.

Waheshimiwa machifu na manaibu wa machifu, waheshimiwa wazee wa vijiji mliopata viti na waheshimiwa wazee wa vijiji mliovikosa, mchungaji wetu ambaye maombi yake ya ufunguzi yamechukua dakika arobaini na ambaye sasa tunamwombea yeye apumzike, Mheshimiwa Mohamednur mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Awendo aliyetuazima turubai, Mheshimiwa Omondi dereva wetu shupavu wa trekta la miwa, muuguzi wetu mpendwa Sista Mellen ninayemwona amesimama mlangoni na kisanduku chake, akina mama mliobeba watoto, watoto mliobebwa, ng'ombe watatu wanaopita nyuma ya jukwaa na ambao kwa heshima ya wenye mifugo siwezi kuwaruka, na mimi mwenyewe, ambaye bila mimi nisingekuwa hapa. Itifaki imezingatiwa hadi ikachoka. (Makofi. Mtoto analia.)

Oyawore! Habari za asubuhi! (Umati: "Oyawore ahinya, Jakom!") Ninafurahi mnaponiita Jakom, kwa maana uenyekiti si cheo, ni mzigo, na mimi nimeubeba kwa mihula mitatu bila kumruhusu mtu mwingine aumie nao.

Ndugu zangu, leo ni siku ya kihistoria. Hapo nyuma yangu, chini ya turubai la buluu, limesimama gari la haibridi la Kanyadigo, jipya, la kisasa, rafiki wa mazingira, gari litakalobeba chanjo na wagonjwa kutoka zahanati hii hadi hospitalini kwa matone machache ya petroli na kiasi fulani cha umeme. Naomba mnyamaze kidogo. (Kimya.) Mnasikia nini? (Sauti: "Hakuna kitu!") Barabara kabisa! Hakuna kitu! Na injini ya gari hilo inafanya kazi wakati huu tunapozungumza! Hiyo ndiyo haibridi, mabibi na mabwana, inafanya kazi kimyakimya kama bodi yangu! (Makofi, vigelegele.)

(Sista Mellen, kutoka mlangoni: "Jakom, barafu inayeyuka.")

Limenakiliwa, Sista. Kwa wageni wetu wasiojua, Sista Mellen ameleta chanjo ya leo kutoka Awendo kwa bodaboda, kwenye kisanduku cha barafu, kwa sababu friji ya chanjo ya zahanati hii imepumzika tangu paneli yake ya jua ilipohamishwa kwa muda kwa manufaa ya umma. Jambo hilo liko ukurasa wa kumi na tisa wa hotuba yangu. Sasa tuko ukurasa wa pili. (Akina mama wanaguna.)

Mnajua nilikotoka. Kwa miaka kumi na moja nimewatumikia nikiwa ndani ya V8 ya petroli, silinda nane, viti vya ngozi, paa la kufunguka, gari ambalo lilipokuwa jipya lilimpendeza kila mtu, na sasa ni kuukuu na linanipendeza mimi tu. V8 hiyo hunywa lita moja kwa kila kilomita nne, na hizo ni kilomita za kuteremka. Kuja huku kwenu, ambako ni kupanda, mshale wa mafuta hushuka ukiutazama. Kioo chake kimoja cha pembeni kiliagizwa Nairobi, kikaja cha kulia badala ya kushoto, kikarudishwa, kikaja cha gari lingine kabisa, mpaka leo dereva wangu akitaka kupinda kushoto huteremka kwanza akaangalia. (Vicheko.)

Na viti! Viti vya V8 vina hita, kwa maana gari liliundwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji, na hita ya kiti changu ilikataa kuzimika tangu mwaka wa 2021. Ukizima injini, inaendelea. Ukichomoa ufunguo, inaendelea. Inanyonya betri mpaka betri inakufa, asubuhi gari haliwaki. Nimeketi juu ya jiko, ndugu zangu, kutoka Uriri hadi Ndhiwa, mwezi wa pili, jua la saa saba, kwa ajili yenu! (Mama mmoja: "Pole, Jakom!") Asante, mama. Nimeiva.

Wala sijataja miguu yake. V8 hii haina springi kama magari ya watu wa kawaida, imekalia mifuko ya hewa. Mifuko ilitoboka, na fundi wa Awendo akaiziba kwa gundi ile ya tyubu za baiskeli. Kwa hiyo ukiizima, haipiti saa moja kabla haijaanza kushuka, kwanza nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, halafu mbele, mpaka inalala kwa tumbo kama ng'ombe aliyeshiba. Mmeiona imelala sokoni Uriri. Mmeiona imelala nje ya kanisa. Mmeiona imelala katikati ya lami pale Awendo, malori ya miwa yamejipanga nyuma yake na madereva wakisema maneno ambayo mchungaji hapaswi kuyasikia, mpaka Ndugu Omondi akaja kuivuta kwa trekta. (Omondi: "Mara sita, Jakom!") Mara sita, na mara zote sita nilipunga mkono.

Ndiyo sababu bodi yangu, baada ya kufanya feasibility study, baada ya public participation ambamo umma ulishiriki kwa kutojua kwamba kuna mkutano, iliamua kuingia katika roadmap ya haibridi. Wajumbe kumi na wanne tulikwenda Nairobi kwa siku tisa kufanya benchmarking. Tulipanda haibridi moja, teksi, kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini. Watu wanauliza, Mheshimiwa, uliona nini? Sikuona kitu, nililala. Lakini jiulizeni ni nini kilinilaza! Ni utulivu wa haibridi! Katika V8 sijawahi kulala hata dakika moja, naungua. (Vicheko, makofi.)

Na takwimu zipo. Asilimia tisini na saba ya stakeholders tuliowahoji walisema wanataka haibridi, na asilimia tatu iliyobaki, ambaye ni mama yangu mzazi, alisema hajali ni gari gani bali nimtembelee. Haibridi itapunguza matumizi ya petroli kwa asilimia mia moja na kumi na nne, maana yake mwisho wa mwezi tangi litakuwa na mafuta kuliko mlivyotia. (Sauti: "Yawa! Tutauza!")

(Sista Mellen: "Jakom, barafu imebaki vipande vinne. Kuna watoto thelathini na mmoja hapa.")

Sista, kwa ajili yako, naruka kutoka ukurasa wa saba hadi wa kumi na tisa. Hapo katikati palikuwa na sifa zangu, mtazisoma wenyewe.

Paneli. Wataalamu wa bodi, yaani mimi na shemeji yangu, tulitoa ushauri kwamba haibridi ina umeme, umeme unataka chaji, chaji inataka paneli, na paneli iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa juu ya zahanati hii, ikifanya kazi moja tu ndogo ya kupoza chanjo. Kwa hiyo mwezi wa tatu niliichukua, kwa moyo mzito na bisibisi, ili iisubiri haibridi.

(Omondi: "Lakini Jakom, haibridi ya kawaida huichomeki mahali. Inajichaji yenyewe ukikanyaga breki. Binamu yangu ana moja Kisumu.")

Ndugu Omondi, nakushukuru kwa mchango huo, ambao ungetufaa sana mwezi wa pili.

(Sista Mellen: "Sasa kama haichomekwi, paneli yangu mlichukua ya nini? Na iko wapi?")

Sista, hayo ni maswali mawili, na utaratibu unaruhusu moja. Nitalijibu la kwanza wakati mwingine, na la pili... (Turubai linashuka upande wa nyuma kushoto. Sauti: "Jakom, gari inashuka!") Ni upepo. (Sauti: "Upepo gani? Hata jani halitikisiki!") Ni upepo wa chini. Kama nilivyokuwa nikisema, la pili... (Turubai linashuka upande wa nyuma kulia. Umati unasimama.) Kaeni! Kaeni, tafadhali! Hiyo ni teknolojia! Haibridi za kisasa hupiga magoti ili mgonjwa apande bila shida! (Mbele panashuka. Turubai lote limelala. Umati, kwa sauti moja: "V8! V8! V8!" Vicheko. Mzee mmoja anaanguka kutoka kitini na kuendelea kucheka pale chini.)

Msiimbe. Naomba msiimbe. Mchungaji, hata wewe?

(Mheshimiwa Mohamednur anainuka: "Mimi naomba turubai yangu. Kuna mteja ananingoja dukani.") Mohamednur ndugu yangu, tulikubaliana mpaka saa nane. (Mohamednur: "Tulikubaliana ni la kufunika haibridi.") Usivute. Mheshimiwa, kama raia mwema nakuomba usi... (Turubai linatoka. Ni V8, imelala kwa tumbo. Juu ya paa lake, imefungwa kwa kamba za manila, iko paneli ya zahanati.)

Haya.

Ndugu zangu, mbele yenu ni gari linalotumia petroli. Juu yake ni kifaa kinachotumia jua. Petroli moja, jua moja, hivyo ni vitu viwili, na vitu viwili vikiungana vinaitwa nini? (Umati unaitazama paneli.) Nilitarajia mseme haibridi.

(Sista Mellen ameweka kisanduku kivulini, anakuja. Anasimama mbele ya jukwaa: "Jakom. Miezi minne nabeba chanjo kwa bodaboda. Mara mbili imeharibika njiani, nikawaambia mama hawa warudi wiki ijayo, na wametembea kutoka upande wa Ndhiwa. Niambie tu. Hiyo paneli inafanya nini hapo juu?")

Inachaji betri.

("Betri ya nini?")

Ya V8, Sista. Inayokufa kila siku.

("Inakufa kwa sababu gani?")

Ukurasa wa... Sina ukurasa wa hilo. Inakufa kwa sababu ya hita ya kiti. (Mama mmoja, polepole: "Kwa hivyo jua iliyokuwa inapoza dawa ya watoto... inapasha moto makalio ya Jakom?") Mama, katika lugha ya kiufundi tunasema... (Umati unalipuka. Vigelegele, vicheko, miluzi. Watoto wote wanalia kwa pamoja.) Ndiyo. Tunasema hivyo hivyo.

Nataka kusema jambo, na halikuandikwa na shemeji. Naona aibu. Nimeungua miaka yote hii nikidhani nateseka kwa ajili yenu, kumbe mlikuwa mnanichochea kuni bila kujua. Sista, ichukue. Gari limeshuka vizuri, paa limekufikia kifuani, huhitaji ngazi. (Sista Mellen na Omondi wanafungua kamba. Akina mama wanashika pembe. Paneli inapita juu ya vichwa kuelekea zahanati.) Polepole hapo mlangoni! Nyaya zake ziko palepale ukutani, sikuzigusa, hilo naomba linakiliwe!

Nikimalizia, maana msemaji mwenye gari lililolala hana haraka, natoa shukrani. Nawashukuru wafadhili wa mradi huu, ambao mpaka leo hawajui kwamba ni wafadhili. Namshukuru mtengenezaji wa haibridi yetu, ambaye hatukuwahi kumwandikia barua. Naishukuru kamati ya manunuzi kwa kutonunua, kamati ya ukaguzi kwa kutokagua, na juu ya yote naushukuru mradi wenyewe, ambao kwa unyenyekevu mkubwa ulikubali kutokuwepo tangu siku ya kwanza bila kumsumbua mtu. Kanyadigo hoyee! (Umati: "Hoyee!") Uchukuzi endelevu hoyee! (Umati: "Hoyee!") Haibridi hoyee! (Umati: "Uongo!") Ero kamano, asanteni.

(Omondi amefunga kamba kutoka kwenye trekta hadi V8. Mheshimiwa anaingia garini na maikrofoni yake.)

Subirini. Nyamazeni kidogo. (Kimya. Kutoka dirisha la zahanati kunasikika mngurumo mdogo, wa taratibu, usiokatika.) Mnasikia? (Umati, kwa sauti ya chini: "Tunasikia.") Ndugu zangu, hiyo ndiyo hai... (Sista Mellen anatokeza kichwa dirishani na kumtazama.)

Hiyo ni friji.

(Sista Mellen: "Mama wa kwanza, lete mtoto!" Foleni inasogea. Mheshimiwa anajipapasa chini, mara ya kwanza, mara ya pili, na uso wake unabadilika.)

Jamani. Kiti kimepoa. Omondi, vuta.