Ukungu wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumanne, 8 Julai
Mama mkwe anakuja Ijumaa! Bi Ng'washi mwenyewe, kutoka Igawa, kuangalia mwanawe anaishije hapa Kihesa. Na ukuta wa chumba cha wageni umeota ukungu mweusi hadi usawa wa kitanda. Jirani Jailos kachungulia, akasema nifungue madirisha mchana na niache kuanika nguo ndani. Fundi baiskeli ananifundisha nyumba! Ila nimeona aibu kwamba ameona.

Jumatano
Nimepaka rangi juu ya ukungu. Mke wangu Roza kauliza mbona sijasugua kwanza. Nimechovya brashi tena.

Alhamisi
Ukungu umetokeza juu ya rangi. Nimebandika kalenda tatu, moja ya mwaka juzi. Kwa akili yangu, unyevu unaingia na baridi. Nimeziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa mifuko ya saruji. Kazi safi!

Ijumaa, 11 Julai
Kafika. Kasema chumba kinanuka kama ghala la mpunga uliolowa. Nimelishika hilo neno mpunga: mpunga uliolowa hukaushwa. Analalamika baridi. Roza yuko sokoni Mlandege, basi nimepata wazo: jiko la mkaa! Litampasha mama, litakausha na ukuta. Nimeliweka kabla hajaingia kupumzika; mama kaingia, kafunga mlango. Hata Roza atanisifu.

Jumamosi
Naandika kwa aibu. Jana saa tisa alasiri nilisikia mama anaguna. Nikamwita, akajibu maneno yasiyoeleweka, kisha kimya. Nikafungua mlango, nikakwama kizingitini. Kwetu mkwe haingii alikolala mama mkwe, hata kandambili zake sigusi. Nilijua anakufa, na miguu ikagoma! Nikamnyooshea ufagio, nikimsihi ashike mpini. Ufagio, jamani!

Jailos alisikia kelele, akanipita, akambeba hadi uani kwenye hewa. Hospitali wakasema ni sumu ya moshi wa mkaa, hata usipoonekana, na kwamba mama angechelewa kutolewa kidogo tu asingeamka. Roza hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumapili, 13 Julai
Mama karuhusiwa. Anakaa kwa Jailos, mkewe Severina kamtandikia. Mama kaniambia kwa upole kwamba hana kinyongo, kwamba nilisimama mlangoni kwa heshima. Hapo ndipo aliponimaliza. Mifuko yangu ya saruji Jailos kaichomoa yote, kaiacha uani kila mtu aione.

Nimejifungia chumbani nisionane na mtu. Dirisha nimelifunga, nimesokomeza blanketi chini ya mlango, vicheko vya kwa Jailos visinifikie. Baridi kali. Bahati nzuri lile jiko lipo, nimeliweka miguuni. Roza anagonga mlango kwa nguvu, ananiita jina langu lote. Sifungui. Sina uso wa kumtazama.

Kichwa kinaniuma, na kizunguzungu juu. Sikujua aibu inaweza kumlewesha mtu hivi.