Kumtafuta Bi Kishindo wa Televisheni

Jumamosi, 2 Oktoba 1993

Mjomba Badar, naanza. Daftari hili la jalada la kijani uliloniletea kutoka Maskati nimelitunza mwaka mzima bila ya kuliandika, kwa kuogopa kuliharibu. Uliniambia niandike habari zote za nyumbani, na likijaa nikutumie. Basi naapa: nitasema yote, hata ya kuniaibisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema shajara isiyosema kweli ni insha tu.

Habari ya kwanza: Bibi amecheka!

Hajacheka tangu babu afariki, unajua mwenyewe. Leo tulikuwa tunachambua mchele, televisheni inaonesha mchezo wa kuchekesha wa nchi za mbali. Watu wanacheka ndani ya televisheni, lakini hawaonekani. Bibi akauliza hao wanaocheka wamekaa wapi. Nikasema sijui. Akasema zamani waliokuwa wakicheka ni sisi.

Kisha akanihadithia Nyumba ya Mzee Pono. Mjomba, kwa nini hukuniambia? Televisheni ya mtaa, hapa Kikwajuni, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Watu wanatandika majamvi mapema ili wapate nafasi. Mzee Pono, mume anayelala popote. Na mkewe Bi Kishindo, na buibui lake, na ndoo ya maji kichwani. Anagombana nusu saa nzima. Anachuchumaa, anainuka, anafukuza kuku, na maji hayamwagiki hata tone. Mwisho anapiga ukelele: "Pono! Amka, nyumba inaungua!" Na Pono, bila ya kufumbua macho: "Ukimaliza kuizima, niamshe nile."

Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika wote.

Nikauliza kanda ziko wapi. Hakuna kanda. Ulichezwa papo hapo, watu wakacheka, wakenda zao kulala. Nilitaka kulia. Kitu kizuri kama hicho, kimekwenda na hewa! Bibi akasema mchezo ulikwisha mwaka ule ule uliosafiri wewe. Nadhani ndiwe uliyekuwa na ufunguo wa sanduku.

Nikauliza kama Bi Kishindo yuko hai. Yuko, na afya yake njema. Lakini nisimtafute, ana heshima zake sasa.

Nimeamua kumtafuta.

Jumatatu, 4 Oktoba

Siku ya Wazee skulini ni tarehe 16. Mwalimu mkuu, Bi Mwatum, alikuja darasani kuuliza nani ana mchezo wa kuwaonesha wazazi. Tamima akasimama. Ana gauni kutoka Dubai lenye taa ndogo ndogo zinazowaka, ataimba wimbo wa Kihindi. Darasa zima likapiga makofi. Tamima akanitazama mimi. Mbona mimi?

Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikasema nitamleta Bi Kishindo. Yule wa televisheni. Yeye mwenyewe.

Bi Mwatum akavua miwani. Akamtazama Maalim Darwesh wa Hesabu, aliyekuwa mlangoni akisubiri kipindi chake. Maalim akakohoa. Bi Mwatum akasema, "Ukimpata, Khawla, mie mwenyewe nitambebea ndoo."

Nshaahidi, mbele ya watu arubaini. Na nimeapa moyoni Bibi atakaa safu ya mbele.

Jioni ilinyesha. Maalim Darwesh alikatisha uwanja wa skuli na madaftari yetu arubaini kichwani, mkono mmoja mwavuli, mkono wa pili viatu vyake. Halikuanguka hata moja. Naandika haya kwa sababu katikati ya furushi lile kulikuwa na mtihani wangu, kumi na moja juu ya hamsini. Niliomba lianguke hilo moja tu.

Jumatano, 6 Oktoba

Nilifikiri kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Bi Kishindo ni mwanamke. Umri wake umepita hamsini. Ana sauti kubwa na shingo yenye nguvu. Jawabu: Bi Mashavu, muuza bajia wa Michenzani! Akiita mteja, anaitika mtu wa mtaa wa tatu.

Nilikwenda baada ya skuli. Nikamwamkia kwa adabu zote. Nikamwuliza, ati, si yeye aliyekuwa akimfokea mumewe mbele ya kisiwa kizima?

Bi Mashavu akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaniuliza, "Nani kakwambia?"

Nikasema watu wote wanajua, na wanamsifu sana.

Alinifukuza na upawa wa bajia hadi njia kuu. Magharibi alikuja nyumbani kushitaki. Bibi alimsikiliza huku kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika. Sijui kilichomchekesha. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kandambili moja imebaki Michenzani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Jambo baya. Lakini nimeapa.

Leo tulialikwa harusi (Bibi hakwenda), Malindi, katika nyumba ile ndefu yenye ngazi za mbao. Wanawake watupu, ghorofa ya pili. Nikaona nafasi. Bi Kishindo yeyote wa kweli akisikia maneno yake mwenyewe atashituka! Nikajipenyeza nyuma ya bibi saba waliokaa pamoja, nikasema kwa nguvu kidogo, "Amka, nyumba inaungua!"

Walishituka wote saba.

Halafu wakashituka wengine. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima uko kwenye ngazi, na bibi harusi pia, kanyanyua mikono juu hina isimharibikie. Mtu mmoja alishuka na sinia la sambusa. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Sambusa ziliumia.

Niliwaomba radhi bibi wote saba, mmoja mmoja, kwa kuwabusu mikono. Nikawaeleza ninachotafuta. Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka mmoja akaomba maji. Akanishika kidevu akaniambia, "Mwanangu, humu ndani mwetu humpati hata ukae mwaka."

Nimeelewa. Bi Kishindo hakai mjini. Huenda yuko Kizimbani, anachuma karafuu kwa siri.

Jumanne, 12 Oktoba

Kizimbani hayuko. Nilimtuma salamu dereva wa gari la karafuu. Amerudi na salamu za watu wengine kabisa.

Tamima amebandika karatasi ubaoni: ZIMEBAKI SIKU NNE. Akaniuliza, kwa sauti ya huruma, Bi Kishindo wangu anakula nini, amwekee.

Nimepata mpango mpya. Sioni fahari nao, lakini hapa pana kweli tupu. Bi Kishindo anavaa buibui na kujifunika uso. Chini ya ushungi yumkini akawa mtu yeyote. Basi nitakuwa mimi.

Kilichobaki ni ndoo.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mjomba, kaa chini kwanza.

Wanafunzi walipoondoka nilibaki darasani na buibui la Bibi na ndoo ya maji nusu. Ilianguka mara tano. Mara ya sita ilibingirika mpaka miguuni pa Maalim Darwesh, kasimama mlangoni.

Nilijua nimekwisha. Maalim hacheki, hata Idi. Akayatazama maji. Akanitazama mimi. Akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Kisha akasema, "Shingo, mtoto! Shingo! Kichwa ni kibao tu cha kuwekea. Inayobeba ni shingo."

Akafunga mlango. Akachukua kanga yangu, akaisokota kata ya kuwekea ndoo, kwa mkono mmoja. Akaijaza ndoo pomoni, akajitupia buibui, akajitwika.

Na hapo, nakuapia, Maalim Darwesh akaondoka mle darasani. Aliyebaki ni mwanamke. Tena mwanamke aliyechoshwa na mumewe miaka ishirini! Akachuchumaa, magoti pamoja, akaokota chaki. Akanifukuza mimi kama kuku baina ya madawati. Akasimama, mkono kiunoni, akamtazama mume asiyekuwapo, na mimi nikamwona huyo mume amelala. Wallahi nilimwona. Maji hayakumwagika hata tone.

Sikujua nicheke au nilie. Nikakaa chini, kwenye maji.

Akatua ndoo, akawa Maalim tena. Akanieleza polepole. Siku zile wazee hawakuwaachia binti zao wapande jukwaani, kwa hiyo wanaume ndio waliovaa buibui. Alipoposa, mkwewe alisema binti yake haolewi na mwanamke anayejulikana Unguja nzima. Akaacha. Waliomjua wakamsitiri kwa kunyamaza, miaka kumi na tatu sasa. Na watoto waliozaliwa baadaye wakajua Bi Kishindo ni Bi.

Nikamsihi aje Jumamosi. Alikataa. Aliniuliza nani ataogopa mlinganyo ulioandikwa na Bi Kishindo. Lakini alikaa kunifundisha mpaka adhana ya Alasiri, shingo tu, hatua tatu tatu. Sijapata kufundishwa na mtu anayependa kitu namna ile. Ningekuwa nafundishwa hesabu hivyo!

Wakati wa kuondoka akauliza, "Badar hajambo huko? Bado analala?"

Nikasema hujambo, na kwamba mara ya mwisho ulipokuja ulilala hata kwenye maulidi, kichwa juu ya bega la imamu. Maalim akaikunja kanga yangu, akanirudishia. Akasema nikuandikie urudishe kanga yake. Sijui mjomba na kanga wapi na wapi. Nakufikishia kama nilivyoambiwa.

Jumamosi, 16 Oktoba

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bibi alikuja! Safu ya mbele, kavaa buibui jipya. Ndiyo mara ya kwanza kwenda penye shangwe tangu alipotoka eda.

Tamima aliimba vizuri. Nimeapa kusema kweli, basi: vizuri sana. Na gauni liliwaka. Akabaki kando ya jukwaa ili aendelee kuwaka.

Nikatoka mimi. Hatua ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, watu wakaanza kuketi vizuri. Ya nne, nikakumbuka kuwa nafanya vizuri.

Ndoo yote ilimwagikia Tamima. Taa za gauni zikazimika, moja moja.

Hakucheka mtu. Mzee mmoja wa nyuma akasema, kwa masikitiko, "Huyo siye."

Sijapata kusikia maneno mazito kuliko hayo mawili. Ushungi umenigandia usoni, ndoo haipo, na Bibi ananitazama. Niliomba sakafu ipasuke.

Ndipo ilipotoka sauti upande wa chumba cha walimu: "Pono! Amka, nyumba inaungua!"

Mjomba, wazee walisimama kabla hawajageuka. Ukumbi mzima! Akaingia, buibui, ndoo imejaa pomoni, anakuja baina ya viti kama anayekwenda kugombana na ukuta. Nyuma yake Bi Mwatum, mwalimu mkuu, kashika ndoo ya akiba kwa mikono miwili, kama alivyoahidi. Wazee walicheka hata kabla hajatenda kitu. Walicheka kama watu waliorudishiwa kitu chao kilichopotea. Akachuchumaa. Akainuka. Akawafukuza watoto wa safu ya pili. Hata tone!

Akafika mbele ya kiti kitupu. Akaita tena, "Pono! Nyumba inaungua!" Akangoja. Hakuna wa kumjibu. Maji yakatikisika kwa mara ya kwanza.

Bibi akafumba macho pale pale alipokaa. Akaitoa sauti nzito, ya usingizi: "Ukimaliza kuizima, niamshe nile."

Mpaka sasa nasikia kile kicheko. Na Bibi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, anajifuta kwa ushungi wake mpya.

Mkwewe Maalim, kumbe alikuwapo, safu ya tatu. Aliomba irudiwe.

Jumatatu, 18 Oktoba

Maalim Darwesh aliingia darasani leo. Akaandika mlinganyo. Chaki ikamwanguka. Akachuchumaa, magoti pamoja, akaiokota. Amjad wa nyuma akacheka. Maalim akatupa sote maswali ishirini. Sasa tunamwogopa mara mbili, kwa sababu hatujui atakayegeuka kutoka ubaoni ni yupi.

Tamima hasemi nami, lakini aliniazima kitambaa kile alichojifutia maji, kwa hiyo nadhani tunaelekea pazuri.

Bi Mwatum ameniita akaniambia, "Natumai umejifunza kitu, Khawla." Nikasema naam, nimejifunza mengi. Nimejifunza kufikiri kwa utaratibu zaidi. Bi Kishindo alikuwa mwanamume. Kwa hiyo Mzee Pono, bila ya shaka yoyote, alikuwa mwanamke. Ni nani aliyeijua ile sauti? Nani aliyeyatoa maneno yale bila ya kusita? Nani hutufichia mambo miaka yote?

Nilimwuliza Bibi waziwazi jana. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema, "Muulize mjomba wako." Hakukana!

Nshamwahidi Bi Mwatum mbele ya walimu wote kwamba Siku ya Wazee ijayo nitamleta Mzee Pono mwenyewe, na godoro lake. Tangazo nimelibandika ubaoni.

Daftari halijajaa, lakini silingoji. Linaondoka kesho na Bi Tabia anayekuja Maskati kwa mwanawe, pamoja na halua. Usilale kwanza, mjomba. Mpe jawabu huyo huyo Bi Tabia, anarudi baada ya wiki mbili: Mzee Pono alikuwa Bibi, si ndiyo?