Jedwali la Mteremko wa Newala

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi. Kaka Mujibu amekubali nichague mimi mahali pa likizo ya watoto. Miaka minne mfululizo wifi yangu Shakila ametupeleka kwa wazazi wake Lupaso, ambako likizo maana yake ni kupalilia mikorosho. Mtoto wao Safari ana miaka sita na tayari ana jembe lake.

Shakila ameweka sharti. Watoto wasipofurahi, ni Lupaso mpaka tuzeeke.

Nimesoma kwenye simu jinsi Wazungu wanavyochagua mlima wa kutelezea kwenye theluji na watoto wadogo. Vigezo vitano: baridi, mteremko mpole, safari fupi, chakula, na malazi karibu na mteremko. Nimechora jedwali. Newala alama 41, Lupaso 9. Theluji sikuihesabu, maana kote ni sifuri, ila Newala nimeiongezea nne za ukungu.

Jumatatu, 16 Juni

Tatizo dogo. Mama Mkubwa, dada yake mama, anaishi Newala. Akijua tumefika, tutalala kwake, na kwake ni tambarare tupu. Kigezo cha tano kitaanguka.

Nimeamua tufikie gesti kimyakimya. Kaka alikuna kichwa, akauliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwonyesha jedwali. Shakila alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, Newala hiyohiyo? Hata mbuzi watakwenda kumwambia."

Vyombo vya kutelezea viko tayari. Nimenunua madumu mawili ya lita ishirini, mazima, ya njano. Fundi Jafari ameyapasua katikati kwa urefu, nikapata vyombo vinne. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Watu wa hapa Masasi hawajazoea ubunifu.

Jumatano, 18 Juni

Tumefika. Baridi safi kabisa! Watoto wamevaa masweta, pua zinachuruzika. Alama kumi.

Gesti inatoa ndoo moja ya maji kwa siku kwa chumba. Kigezo cha maji hakikuwamo kwenye jedwali la Wazungu.

Mwenye gesti aliniuliza sisi ni wa nani hapa mjini. Nikasema ni wageni tu. Akanitazama usoni, akasema pua hii ameiona kwa Mama Dauda. Nikakana. Mama Dauda ndiye Mama Mkubwa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepata mteremko nyuma ya uwanja wa mpira. Nyasi fupi, mwinamo mpole, kama nilivyosoma. Mwanaisha, mdogo wake Safari, aliteleza kwanza, akafika chini akicheka. Safari akafuata. Kwa muda wa dakika nne nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kusini.

Kisha watu wakaanza kukusanyika. Nilidhani wanatushangilia. Walikuwa kina mama wanaotoka bombani, wengine walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Waliyatazama madumu yangu yaliyopasuliwa kama mtu anavyotazama msiba. Bibi mmoja aliniuliza tumetoka wapi, kisha akauliza kwa upole kama kwetu Masasi maji ni mengi kiasi kwamba tunachinja madumu.

Nilianza kumweleza kuhusu vigezo. Ndipo kundi likaachana katikati, akaja Mama Mkubwa, dumu tupu kichwani.

Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Katika maisha yangu hajawahi kuiacha shikamoo yangu ikining'inia hivyo. Aliwatazama watoto, akanitazama mimi.

"Dumu umelikata. Nyumba ya mama yako umeipita. Nianze na lipi?"

Shakila alikuwa na jibu, lakini alijiziba mdomo kwa mtandio.

Ijumaa, 20 Juni

Tumehamia kwa Mama Mkubwa. Shikamoo imeitikiwa asubuhi hii, baada ya mimi kuleta dumu la tatu kutoka bombani. Adhabu yangu ni madumu sita kwa siku. Shingo inauma.

Watoto wamepewa vidumu vya lita tatu. Safari anapanga foleni, anajua nani ametangulia na nani anataka kuchomekea, na leo amemrudisha nyuma mzee mzima. Mwanaisha halali ila mgongoni kwa Bibi, ndivyo wanavyomwita Mama Mkubwa. Vyombo vyangu vya kutelezea vinanyweshea kuku.

Jioni tulikula mbaazi mbichi za kuchemsha, ukungu umefika mlangoni, wote tumejibana kwenye mkeka mmoja. Kusema kweli, nilikuwa vizuri. Sijui niandike kwenye safu ipi.

Jumapili, 22 Juni

Kaka amewauliza watoto likizo ijayo waende wapi. Safari akajibu kabla hajamaliza: kwa Bibi. Mama Mkubwa akasema basi, jambo limekwisha, kila likizo ni hapa. Shakila ameipoteza Lupaso. Alinigusa bega, akasema nami nimepokonywa uchaguzi. Tukacheka pamoja, jambo la nadra.

Lakini nimetafakari. Watoto wamefurahi, kwa hiyo jedwali lilikuwa sahihi. Lilipungukiwa kigezo kimoja tu, nacho nimekiongeza: pasiwe na ndugu. Masasi sifuri, Newala sifuri. Lukuledi, ambako hatuna mtu, imepata kumi kamili. Desemba tutakwenda huko siku tatu, kimyakimya, kabla ya kuja hapa.

Mama Mkubwa ameniona nikiandika jina hilo. Amefurahi sana. Ameniomba nikienda nimfikishie mbaazi binamu yake aliyeolewa huko.

Lukuledi nimeipunguzia alama moja. Bado inaongoza.