Chanjo ya Fahali

Siku gari la afya lilipofukuzwa Kangemi kwa mawe na matusi, Dalmas alikuwa kando akila mahindi ya kuchoma, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ndui ilikuwa imeingia mjini, lakini wafuasi wa chama cha Fahali waliapa kwamba dawa ya serikali ni ya chama cha Jogoo: ukichanjwa leo, mkono wako wenyewe utampigia Jogoo kura kesho.

"Ndugu zangu," Dalmas akawaambia, kofia kifuani, "Fahali naye ameleta chanjo yake. Haina hata harufu ya serikali."

"Bei?" akauliza Mzee Were, mwenyekiti wa tawi.

"Jogoo mmoja. Mtu wa Fahali anafuga jogoo wa nini, mzee? Si aibu?"

Watu wakapiga makofi. Majogoo hawakuwa na chama chochote, lakini nani angewauliza?

Dalmas akamkodi Nakhumicha, msaidizi wa zahanati moja ya Ngara, mwenye aproni nyeupe na uso wa huruma. Chupa za chanjo alizijaza Dalmas mwenyewe, kwa maji ya bomba.

"Wewe wakwaruze mikono tu, dada."

"Na watoto, je? Ndui itawaogopa kwa maji?"

"Watoto wana Mungu. Sisi tuna majogoo."

Nakhumicha akabeba chupa, akaenda kuchemsha sindano.

Jumamosi, Dalmas alichanjwa wa kwanza mbele ya umati, akitabasamu kama bwana harusi. Foleni ikafika barabarani. Mzee Were alileta wajukuu sita na majogoo sita. Jioni, chumba cha Dalmas kiliwika kutoka pembe zote. Hoteli moja mjini ilikuwa imeahidi kuwachukua wote arobaini wiki mbili baadaye.

Siku ya tano mkono ukaanza kumwasha Dalmas. Siku ya saba likatokea lengelenge nene. Maji ya bomba hayafanyi hivyo! Akamwita Nakhumicha, naye alipoliona akarudi nyuma hatua tatu.

"Kaka! Umemgusa nani?"

"Ni ndui?"

"Mimi si daktari. Lakini mabwana afya wakikuona, watakufungia peke yako. Kimbia kwenu Busia. Majogoo nitakutunzia."

Dalmas akamrushia ufunguo wa chumba akiwa ameshafika mlangoni.

Stesheni, bwana afya alikuwa akikagua mikono ya abiria. Dalmas akajificha nyuma ya mama mmoja mnene, akavutwa, mkono wa shati ukapandishwa. Akafumba macho, akaanza kutubu kwa sauti, kuanzia dhambi za darasa la kwanza.

"Punguza kelele, bwana," bwana afya akacheka. "Hii ni chanjo, tena imeshika vizuri ajabu! Panda."

Akapanda akiwa ameduwaa. Gari moshi lilipong'oka ndipo alipokumbuka nani alibeba zile chupa.

"Simamisheni!" akapayuka dirishani. "Majogoo wangu!"

Wakati huo Kangemi sufuria zilikuwa zinatokota, na Mzee Were alikuwa akigawa mapaja. "Kumbe Jogoo ni mtamu hivi!" akasema. Nakhumicha alipita katikati ya watoto akiwapandisha mikono ya shati mmoja mmoja. Kila mkono ulikuwa na lengelenge lake. Dawa ilitoka wapi, hakumwambia mtu.